Safu ya Nne

Cheruto aliporudi katika korti ya Kiamunyi, pale Nakuru, miaka kumi baada ya kuondolewa hapo kwa barua ya ukurasa mmoja, kitu cha kwanza alichokagua hakikuwa ofisi yake mpya. Alikagua magoti ya Bwana Njuguna. Mzee alikuwa akishuka ngazi kiupande, mkono mmoja ukutani, na kila kidato alikitolea mguno. Cheruto akafurahi. Akasema moyoni, vizuri, maana kuna ngazi nyingine nimekuandalia.

Tusidanganyane. Huyu mama hakuomba cheo cha mkuu wa masjala ya jinai kwa ajili ya mshahara, wala kwa kuipenda Nakuru. Aliomba kwa sababu Njuguna, aliyekikalia cheo hicho miaka kumi na minne, alikuwa anastaafu, na mtu wa serikali hastaafu hivi hivi kama anayetoka bafuni. Lazima akabidhi ofisi. Lazima anayempokea aweke sahihi kwamba amepokea kila faili na kila ufunguo. Bila sahihi hiyo mzee haachiliwi. Na sahihi hiyo sasa ilikuwa ya Cheruto.

Mnauliza alikuwa amemkosea nini? Sikilizeni.

Masjala ya jinai ndiyo tumbo la korti. Kila kesi ya wizi, ya panga, ya kupigana baani, ina faili lake humo. Asubuhi makarani hulipeleka kwa hakimu, jioni hulirudisha rafuni. Faili likipotea, kesi imekufa. Mwaka wa 2014 lilipotea faili namba 614: ng'ombe tisa wa mjane mmoja wa Longonot, mwizi amejulikana, mashahidi wamesikizwa, imebaki hukumu tu. Likatafutwa siku kumi na mbili, wapi. Mwizi akatoka akipiga mluzi, na mjane akabaki kwenye benchi la nje akimuuliza kila anayepita, "Faili yangu imeonekana?" Watu wakasema limeuzwa. Wakubwa wakataka jina, na Njuguna akawajibu kwa barua yenye sentensi moja ambayo Cheruto aliijua kuliko Baba Yetu: Faili hili lilionekana mara ya mwisho mikononi mwa karani Cheruto.

Uongo, alisema Cheruto. Alilirudisha rafuni mwenyewe, alikuwa na hakika kama alivyokuwa na hakika ya jina lake. Akalia mbele ya kamati, akaapa, hakuna aliyemsikia. Kumwaga unga aliponea chupuchupu. Wakamhamishia korti moja ya kaskazini ambako hata maji yaliletwa kwa lori. Mama yake alipougua kule Olenguruone, ruhusa ilichukua siku nne kutoka. Alifika siku ya tano, akaonyeshwa mwili. Pale mochari Cheruto hakumlilia mama tu. Alikula kiapo kwamba Njuguna ataona cha mtema kuni. Ni yeye aliyeliuza lile faili, akajiambia, halafu akanisukumia mimi. Siku za mwizi ni arobaini, na Cheruto akaanza kuzihesabu.

Aliifanya kazi kule kaskazini kwa hasira, na hasira ikimpata mtu mwenye bidii humpandisha cheo. Ndivyo alivyorudi akiwa bosi.

Makabidhiano ya kawaida huchukua nusu siku. Watu hukaa na chai na mandazi, huhesabu kesi zinazoendelea, hukubaliana, hutia sahihi kwa kuaminiana. Njuguna alikuwa ameshaagiza chai. Cheruto akakisukuma kikombe kando.

"Tutahesabu zote," alisema. "Na za stoo."

Joan, karani mkongwe wa mle ndani, akacheka akidhani ni mzaha. "Madam, za stoo si ni zile kesi zilikwisha? Zingine ni za 2005. Hata panya wamezichoka."

"Zote, Joan. Kila bando lifunguliwe. Kila faili ifunguliwe."

"Madam," Njuguna akasema polepole, "Ijumaa ya wiki ijayo ndiyo siku yangu ya mwisho. Watu wamenichangia mbuzi. Na hiyo stoo iko na faili elfu saba."

"Basi tuanze mapema, Bwana Njuguna."

Zamani alimwita mzee, kama walivyomwita wote. Sasa neno hilo lilikuwa limekwama mahali.

Akatoa fomu. Fomu ya makabidhiano ina safu tatu: namba, mwaka, mahali faili lilipo. Cheruto alikuwa amechora ya nne kwa rula: Aliyelishika mwisho. Huo ndio uliokuwa mtego wenyewe. Faili likikosekana bila maelezo, mkuu wa masjala ndiye ataandikwa, na 614 lazima likosekane. Karatasi hiyo ingefika makao makuu, ambako kuna watu wanaofurahia kusoma jina la mtu ndani ya safu kuliko kitu kingine chochote. Njuguna angestaafu akiwa na jina la mwizi.

"Na huko kwa safu ya nne," alimwambia, "mtu anaandikwa majina yote matatu. Sitaki kesho niambiwe ni Njuguna mwingine."

Njuguna akaitazama fomu kwa muda. Akavaa miwani. "Haya," akasema.

Wakahesabu. Kanuni inasema anayekabidhi ashike na anayepokea aandike, na Cheruto aliishika kanuni hiyo kwa mikono miwili. Kwa hiyo ni mzee wa miaka sitini aliyepanda ngazi ya mbao stooni, akishusha mabando yaliyofungwa kwa kamba ya katani, vumbi likimwingia puani mpaka akakohoa machozi. Makarani walijitolea kumsaidia. Cheruto akawafukuza warudi kwenye madawati yao. Kule nje watu walipanga foleni, maana masjala yenye nafasi za makarani kumi na sita ilikuwa na makarani tisa tu, na sasa mzee wao alikuwa juu ya ngazi. Jioni Cheruto alirudi kwake, mtaa wa Section 58, akala, akalala usingizi mzito. Hakuwa amelala hivyo tangu mochari. Nisiseme uongo kumpamba: alikuwa na raha.

Siku ya nne mzee aliteleza kidato kimoja akachubuka muundi. Joan akaingia na beseni la maji ya chumvi.

"Madam, huyu ni baba ya watu," alisema akimwosha, bila kumtazama bosi wake. "Hata kama kuna kitu."

"Mimi pia nilikuwa mtoto ya watu," Cheruto akajibu.

Ikafika Ijumaa. Kule nje hema lilikuwa limesimamishwa, mbuzi yuko kwenye makaa tangu alfajiri, na Jerry, karani wa dawati la mbele ambaye hakuwahi kuona maikrofoni akaiacha, alikuwa akiijaribu: "Moja mbili, moja mbili." Ndani ya stoo ilibaki rafu moja. Faili 614 lilikuwa bado halijaonekana, na Cheruto alikuwa ameliachia mstari wake mtupu mwishoni mwa fomu, kama mtu anayemwekea mgeni kiti. Mfukoni alikuwa na hotuba. Yeye ndiye mkuu, yeye ndiye angemsemea mzee maneno ya kwaheri, na maneno hayo alikuwa ameyanoa miaka kumi.

Njuguna akamshushia bando la 2009, akageuka kulivuta la nyuma yake. Cheruto akafungua kamba, akahesabu. 225. 226. Faili 227 lilikuwa nene kuliko kesi ya kuiba kuku inavyostahili. Akalifunua. Ndani ya jalada lile kulikuwa na jalada jingine.

Jinai 614 ya 2014.

Nimempata, aliwaza, ndipo alipolificha! Mkono wake ukavuta kikaratasi kilichobanwa juu ya jalada la nje, kile ambacho karani hukijaza faili la zamani linaporudishwa stoo. Lilirudishwa tarehe 9 Mei 2014. Aliyerudisha: Cheruto. Mwandiko ulikuwa wake, hata ule mkia wa herufi ya mwisho alioujifunza kwa mwalimu wake wa darasa la tatu.

Akaketi kwenye kijisanduku. Siku ile ikamjia yote. Mvua. Hakimu alikuwa ametaka kujua kama yule mwizi wa ng'ombe aliwahi kutoroka dhamana katika kesi yake ya zamani ya kuku, ndipo likatolewa 227. Siku hiyo makarani wawili walikuwa wagonjwa na mmoja likizo, na Cheruto alikuwa akifanya kazi ya watu wanne. Alipokuwa akivuka ua kwenda masjala, aliliingiza jipya ndani ya la zamani ili lisilowe. Alilihurumia lile faili, ndiyo sababu! Alipofika tu mlangoni akaitwa kortini atafsiri Kikalenjin. Akajaza kikaratasi cha lile la juu, akaliweka kwenye toroli la stoo, akakimbia. La ndani halikumrudia akilini tena. Na nani angelitafuta kesi hai ndani ya jalada la kesi iliyokufa? Hakuna duniani. Ila mtu mwenye chuki ya kutosha kufungua mafaili elfu saba, moja moja.

Ile sentensi ya Njuguna ilikuwa kweli, kila neno.

"Namba?" mzee akauliza kutoka juu, mgongo umegeuka.

Kamba ilikuwa bado mkononi mwa Cheruto. Ilikuwa ni kufunga tu. Fundo moja, bando lirudi juu, mstari wa mwisho ujazwe kama ulivyopangwa, na mzee aende zake na aibu yake. Nani angejua? Vidole vilianza kufunga vyenyewe, mimi nawaambia, vilizungusha kamba mara mbili.

Lakini hasira ya miaka kumi si mbwa wa kuitwa akaja na kufukuzwa akaenda. Ilikuwa imelishwa kifo cha mama yake, imelishwa jua la kaskazini, ilitaka mwenye kosa atajwe jina mbele ya watu, na sasa ilipoonyeshwa mwenye kosa haikujali ni nani. Ikamgeukia kwa meno yale yale. Basi atajwe, ilisema. Atajwe huyo huyo.

"Mbili mbili saba," alisema. Sauti ilitoka imekauka. "Na ndani yake, sita moja nne."

Njuguna akashuka kidato kwa kidato, akafika chini, akavaa miwani. Akakisoma kikaratasi. Akasoma tarehe, akasoma jina, akafunua faili la mjane mpaka ukurasa wa mwisho, kisha akalifunga. Cheruto alingoja atukanwe. Alitamani atukanwe.

"Mara tatu," mzee akasema, "mara tatu nimeitwa interview ya kupanda cheo. Mara zote tatu wameniuliza swali moja. Ile faili uliuzia nani? Mke wangu alikufa akiniuliza."

"Mzee..."

"Hapana. Ni Bwana Njuguna." Akamsogezea fomu, akaweka kidole kwenye ule mstari mtupu, safu ya nne. "Andika."

Cheruto akaandika jina lake.

"Majina yote matatu, madam. Kesho nisiambiwe ni Cheruto mwingine."

Akaandika yote matatu. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, na wote tunajua wanavyomalizia. Kalamu ilitoboa karatasi mahali pawili. Njuguna akangoja wino ukauke, akaweka sahihi yake, akamngoja aweke ya kwake. Ilikuwa ile ile sahihi aliyomvizia nayo, na sasa ilimfungulia mzee mlango. Nakala zilikuwa tatu: moja ya makao makuu, moja ya masjala, moja ya anayeondoka. Ya kwake akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa ndani wa koti lake, akapangusa vumbi mabegani, akatoka akichechemea. Hakumuaga.

Cheruto akabaki na mafaili mawili mapajani. Kwenye jalada la 614, chini ya jina la mjane wa Longonot, kulikuwa na namba ya simu iliyoandikwa kwa penseli. Aliitazama mpaka tarakimu zikachanganyikana.

Joan akachungulia mlangoni, ameshavaa leso ya sherehe kiunoni. "Madam, kiti chako kiko mbele kabisa. Watu wanangoja wewe tu."

Kule nje maikrofoni ikakwaruza, vigelegele vikapungua, na sauti ya Jerry ikapenya dirishani, imejaa furaha ya mtu asiyejua lolote.

"Kabla madam hajatupatia hotuba, na kabla hatujakata keki, mzee ameomba dakika mbili. Kuna kitu kidogo angetaka kutusomea."