Nyevu Ndani ya Giaboksi

Saa tatu asubuhi Laban alikuwa amelala chali chini ya Pijo 504 iliyobondeka pua, katika uwanja wa vyuma vikuukuu wa Njoroge mjini Malindi, akifungua sampu, bakuli la mafuta la chini ya giaboksi, boliti moja baada ya nyingine. Dena alichutama kando, kofia mkononi. Alikuwa ametoka kijijini Adu juu ya lori la mkaa, na usingizi wa siku tatu alikuwa nao machoni.

Pijo yake mwenyewe ilikuwa imelala gereji kwa Laban, haiendi mbele wala nyuma. Lilikuwa gari la otomatiki, alilinunua kwa Mzungu aliyerudi kwao, na giaboksi za namna hiyo pwani nzima hazikufika tatu. Adu hakukuwa na gari jingine la kupeleka mgonjwa hospitali. Mkaza mwanawe, Kadii, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za kwanza zilimharibikia njiani, moja akiwa juu ya baiskeli. Kwa hiyo Dena hakuja kutembea.

Mafuta yalitoka meusi, yananuka kuungua. Ndani ya sampu mlikuwa na chenga za shaba. Laban alichovya kidole, akanusa, akakipangusa kwenye suruali.

"Mzee, hii imekwisha."

"Iwashe kwanza," alisema Njoroge. "Nani hununua giaboksi kwa pua?"

Wakatia mafuta mapya, wakainua magurudumu ya nyuma kwa jeki na mawe, wakaiwasha. Giaboksi iliyochoka ukiitia gia huwaza kwanza, ndipo ishike. Hii haikuwaza. Mbele ilishika, nyuma ilishika, papo hapo. Laban hakupenda. Alisimamisha ncha ya bisbisi kwenye giaboksi, mpini akautia sikioni, kama mafundi wanavyosikiliza beringi.

"Beringi nzima," alisema. "Ila mna mama humu ndani. Anauliza kama wamefika hospitali."

Dena akaomba bisbisi. Alisikiliza kitambo.

"Ni dada yangu," alisema. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Dena, nawe umo? Yule bwana alinigonga, akanipakia nyuma, akasema ananipeleka hospitali. Mbona njia ndefu hivi?"

Dada yake, Nyevu, alikufa mwaka wa themanini na nne. Waliomwokota walimkuta chini ya mkorosho kando ya barabara ya Magarini, mbavu zimevunjika, na alama za gari lililogeuza likarudi lilikotoka. Kituoni iliandikwa kwamba gari halikujulikana. Nyumbani walikaa hanga, matanga ya siku saba, mbuzi wakachinjwa, na tangu hapo Nyevu hakumtokea mtu ndotoni kudai hata kitambaa, kama wafanyavyo wafu wasioridhika. Wakasema ameridhika. Kumbe mwenzao hajafika! Dena alikasirika kidogo, akikumbuka wale mbuzi, kisha akaona haya kwa kukasirika.

"Gari hili lilikuwa la nani?" aliuliza.

Njoroge alitazama viatu vyake. Akamtaja bwana mmoja mkubwa, ambaye mji mzima ulimjua na yeye asiujue hata nusu. Siku hizi alikuwa na gari jipya, la rangi ya maziwa.

Dena alikwenda kituoni kwa miguu. Sajini alikuja naye, mtu mzima mwenye adabu, akavua kofia, akasikiliza kwa bisbisi. Akamwuliza Nyevu jina la baba yake na saa aliyogongwa. Nyevu alijibu yote vizuri.

"Ushahidi ni mzuri," alisema sajini. "Sasa sikiza, mzee wangu. Nikiandika, giaboksi hii inakuwa kielelezo. Itakaa kituoni mpaka kesi iishe. Na kesi ya bwana yule! Mimi nimebakisha miaka minne nistaafu. Itanipita." Alifunga daftari bila kuandika kitu. "Huyo mkaza mwanao ana miezi mingapi?"

"Minane na siku zake."

"Basi amua wewe. Nitaandika ukisema niandike."

Dena akamgeukia Laban. "Dada akishuka, giaboksi itafaa?"

"Haitafaa. Sahani za ndani zimelika zote. Zinashika kwa sababu yeye amejishikilia humo asianguke. Akiachilia, gari halisogei hata shibri."

Dena alimpenda dada yake. Ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, mama yao alipokuwa shambani. Alisimama pale juani, na moyo ulimuuma waziwazi, na kila alipotaka kusema "andika" alimwona Kadii juu ya baiskeli.

"Usiandike," alisema.

Sajini alivaa kofia akaondoka. Laban alifungua boliti zilizosalia, giaboksi ihamie kwenye Pijo ya Dena.

Kadii alishikwa na uchungu baada ya wiki mbili. Pijo ilitoka Adu alfajiri, na haikuteleza gia hata mara moja, wala kwenye mchanga wala kwenye mlima. Njia nzima Nyevu, sauti yake ikipanda kwenye mkono wa gia, alimpa Kadii moyo: "Vumilia mwanangu, hata mimi naumwa, tunakaribia." Kadii alimwitikia, "Ndiyo, shangazi." Pale Malindi gari la rangi ya maziwa liliwapita, na yule bwana akawapungia mkono, kwa kuwa alikuwa na mazoea ya kuwapungia watu wote.

Kwenye lango la hospitali wauguzi wawili walimpokea Kadii wakamwingiza ndani. Kabla ya adhuhuri alijifungua salama, mtoto wa kiume.

Kadii alipoingizwa, Dena alibaki kwenye usukani, injini inanguruma.

"Dena," aliita Nyevu. "Tumefika?"

Dena alitazama ukuta mweupe wa hospitali, hatua kumi kutoka kwake.

"Bado, dada. Jishikilie."

"Haya," alisema Nyevu.