Filamu Aliyoitangaza Hashiru

Wiki nzima Hashiru alizunguka Kibaha na gari la matangazo, kuanzia Mkuza mpaka Sofu, spika ikipasua masikio: "Filamu ya shemeji yangu Naila! Mapigano, risasi, damu! Usiporuka kwenye kiti, njoo unidai mimi!"

Naila alikuwa sokoni alipoyasikia, akadhani amesikia vibaya. Filamu yake haikuwa na risasi hata moja. Ilimhusu mjane wa Kisarawe anayekataa kuuza shamba la mikorosho alikozikwa mumewe.

Akampigia simu. "Hashiru, unawadanganya watu."

"Shemeji, nani atatoka kwake kwenda kumtazama mjane? Wewe umetengeneza, niachie mimi kujaza ukumbi."

Ukumbi ukajaa kweli, wengine wakakaa madirishani. Mwanzoni walitulia. Mjane akafagia kaburi, wakasubiri. Akakaa na mkwewe wakibangua korosho, wakasubiri. Kisha mtu wa mbele akapaza sauti: "Oyaa, bunduki ziko wapi?"

Kicheko kikalipuka. Tangu hapo, mjane kila alipofungua mdomo, walimjibu wao. Alipolia, kilio ambacho Naila alikiandika siku walipomzika baba yake, wakamwiga kwa sauti za mbuzi. Naila akageuka kumtafuta Hashiru awanyamazishe. Alikuwa mlangoni, anacheka nao.

Alimfuata nje. "Umeniulia filamu."

"Mimi? Filamu yenyewe imepoa, usinitafutie lawama. Watu si nimekuletea?"

"Umeniletea watu waliokuja kutazama kitu kingine!"

Kibwana, mume wa Naila, akaingia kati. "Jamani, yaishe. Huyu ni ndugu yangu."

"Basi kaa naye wewe," alisema Naila, akaondoka peke yake.

Mwezi uliofuata akaionyesha Kisarawe, uani kwa shangazi yake Biasha, kwenye shuka lililotandazwa ukutani. Majirani waliambiwa tu kuna picha, waje. Filamu ni ile ile, hakuikata hata sekunde. Mnunuzi alipomsogelea mjane, mzee mmoja alifoka, "Usimuuzie huyo!" Kwenye kilio, Bi Biasha alijifuta kwa ncha ya mtandio wake, na hakuna aliyecheka.

Wakati huo huo Hashiru akaingia, simu juu, anarekodi. "Cheki watu wanavyolia! Shemeji, hii narudi nayo Kibaha, safari hii natangaza—"

Naila alimshika kifuani, akamsukuma hadi nje ya geti.

"Unanidhalilisha mbele za watu?"

"Kibaha ulinicheka mbele za watu gani?"

Akafunga geti kwa komeo, akarudi kukaa. Nje Hashiru alipiga kelele kwa muda, kisha akawasha pikipiki yake.

Idi ilipofika Hashiru alikuja kumsalimia kaka yake. Naila akaandaa pilau, akampakulia Kibwana, akawapakulia na wageni wengine wote. Halafu akafunika sufuria, sahani ya Hashiru ikiwa bado tupu, akaenda kuoga.