Chokaa Juu ya Alama ya Maji

Mwanajuma, jirani wa Ng'washi wa ukuta kwa ukuta, anadai kwamba Nzega kuna mwanamke aliyeponzwa na kusema kweli. Wapimaji wa mitaro walimkuta anafua, wakamuuliza maji ya mvua hufika wapi. Yule mwanamke, kwa uungwana wake, akawaonyesha ukutani ule mstari wa tope unaobaki maji yakishuka. Wakamshukuru, wakaandika. Siku ya tatu, anasema Mwanajuma, nyumba ikapigwa X nyekundu ya kubomolewa, na hakulipwa hata bati moja.

"Shemeji yangu aliona kwa macho yake," humalizia. Ukimuuliza shemeji yupi, anakasirika.

Habari hiyo ndiyo iliyopaka mtaa mzima chokaa. Mwezi wa nane, iliposikika kwamba wapimaji wanakuja Isevya, watu wa bondeni walimiminika dukani kwa Popatlal mpaka mzee akauliza kuna harusi ya nani. Kila nyumba ikang'aa. Ng'washi naye alipaka. Alama ya kwake ilikuwa juu kidogo ya godoro la mama yake, ambaye tangu apooze upande mmoja hainuki bila kushikwa. Wapimaji walipofika na chombo chao cha miguu mitatu, kila mlango ulitoa jibu lile lile: "Maji? Hapa? Hata siku moja, baba." Ng'washi alitikisa kichwa tu, lakini alitikisa.

Sasa ilikuwa Novemba. Kila alasiri mawingu yalijikusanya, yakanguruma kidogo, yakaondoka, na moyo wa Ng'washi ukabaki umening'inia. Siku hizo mchoro wa mitaro ulibandikwa ofisi ya kata. Wenzake waliutazama, wakaona hakuna nyumba iliyotiwa alama, wakaenda zao wanacheka. Yeye aliishia darasa la saba na kusoma kwake ni kwa taratibu, basi akabaki.

Aliufuata mstari wa bluu kwa kidole. Ulianzia mashambani, kwenye halmashauri nyingine, ukavuka barabara ya zamani ya misafara, ukapokea mwenzake kutoka stendi. Ukapenya chini ya reli kwenye kalavati, ukapokea wa tatu kutoka mitaa mipya ya juu, ambako siku hizi kila ua umesakafiwa na tone halizami. Mistari yote mitatu ikaishia kwenye mshale mmoja. Kidole kikasimama nyuma ya choo chake. Pembeni paliandikwa: eneo kavu, linafaa kupokea maji.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mwanajuma, akamkuta anapepeta mchele.

"Dada, tuliwaambia hapa pakavu. Sasa wanatuletea maji ya watu wote."

"Wee injinia wa la saba, mchoro umeusomea wapi?"

"Mshale umeishia chooni kwangu."

"Basi choo kitaoshwa bure." Mwanajuma akacheka, halafu akaacha. "Sikiliza, mdogo wangu. Ukifungua mdomo hubomolewi peke yako. Watakuja kukwangua kuta zetu zote. Nina watoto wanne humu. Nyamaza."

"Na mvua?"

"Mvua tumeizoea. Tunapandisha vitu juu ya meza."

"Mama nitampandishaje mezani?"

Mwanajuma akarudia ungo wake.

Asubuhi iliyofuata ndiyo ilikuwa ya mwisho ya kupokea maoni kuhusu mchoro. "Ng'wanone, mwanangu, mbona hunywi uji?" mama yake aliuliza kutoka kitandani. Akajibu kwamba bado wa moto, na ulikuwa umeshaganda utando. Alichukua kijiko, akapiga magoti kando ya godoro, akaanza kukwangua. Chokaa ilidondoka juu ya shuka. Mama alitazama.

Kisha alikaa kwenye benchi la ofisi ya kata tangu saa mbili mpaka adhuhuri, hadi mhandisi Erasmus, mwenye mchoro, akakubali kuongozana naye.

Erasmus aliinama ukutani, akapima kwa futi. "Hii ya lini?"

"Mwaka jana. Ya mwaka juzi ni ile ya chini yake."

"Na mwezi wa nane ulituambia nini?"

"Nilitikisa kichwa, kaka. Nisamehe."

Akashusha pumzi. "Dada yangu, huu mchoro umepita halmashauri mbili. Wa juu wamekubali kuchimba kwa kuwa huku chini mlisema pakavu. Jumatatu unatiwa sahihi." Akatoka nje. Safu ya nyumba nyeupe ilimeremeta juani. Mwanajuma alikuwa amesimama mlangoni kwake, hasalimii.

"Na hizi nyingine?" Erasmus aliuliza polepole.

"Za watu sizisemi," alisema Ng'washi. "Mimi nakuomba mshale. Uupeleke kwenye mbuga tupu, nyuma ya kiwanja cha mpira, kabla hawajachimba. Na kama lazima mtubomoe, niambie siku, nipate pa kumpeleka mama."

Erasmus alikuwa ameshika kalamu, haandiki.

"Mhandisi, utausogeza?"

Midomo yake ilikuwa inahesabu nyumba zilizopakwa chokaa. Alifika kwa Mwanajuma, akasita, akaanza upya.