Sikio la Bure

Mimi ni mwepesi wa hasira, na kwa muda mrefu nilidhani hiyo ni dalili ya akili. Mwaka 2001 nilikuwa fundi wa redio pale Kitaji, Musoma, karakana ya chumba kimoja, na nilikuwa nimebuni kitu ambacho sikuwa nimekiona popote Mara: simu ya kulipia inayotumia mnara badala ya waya. Waya za zamani zilikuwa zimeibwa, biashara imeruhusiwa kwa kila mwenye mtaji, na Mzee Makongoro, tajiri wa pamba aliyechoshwa na pamba, alikuwa amekubali kunigharimia.

Kisanduku chenyewe kilikuwa cha bati. Ndani niliweka simu ya mkononi, betri ya gari na njia ya sarafu. Taabu ilikuwa moja tu. Kisanduku hakikuwa na namna ya kujua kwamba upande wa pili wamepokea, kwa hiyo hakikujua kimeze sarafu saa ngapi. Nilihangaika miezi miwili, kisha nikapata jibu lililonifanya nijione profesa. Mpigaji asikie kwanza. Akisikia "haloo", adumbukize sarafu, ndipo mdomo wa simu ufunguke naye asikike. Asipodumbukiza, atamsikia mwenzake lakini yeye hatasikika, na baada ya dakika moja simu inakatika. Hakuna sarafu inayopotea, hakuna ugomvi.

Tuliweka kimoja stendi ya Bunda, na cha pili Butiama, kwenye baraza ya duka la mama mmoja anaitwa Boke. Cha Bunda watu walikitumia vizuri. Cha Butiama kilinitia wazimu. Kila Jumamosi saa nne asubuhi simu ya karakana ililia, na namba ilikuwa ya Butiama. Napokea, kimya. "Haloo?" Kimya. Dakika nzima mtu ananisikiliza kwa gharama ya Mzee Makongoro, halafu inakatika.

"Huyo ni mwizi," Mzee Makongoro aliniambia. "Ameshaona tundu. Wengine wakilijua, nimekwisha. Lizibe, umkamate na huyo mtu, ndipo tutengeneze vingine ishirini. Bila hivyo, Bernado, tuachane kwa amani."

Visanduku ishirini vilikuwa maisha yangu. Kwa hiyo nikaanza kumtukana yule mtu. "Mwizi we, nakusikia unavyopumua," nilimwambia, na ulikuwa uongo, maana mdomo nilikuwa nimemziba mwenyewe. Jumamosi nyingine nilimwita mbwa. Jumamosi ya tano, Florian niliyefanya naye kazi akiwa anacheka pembeni, nikasema: "Kwenu hakuna mama? Aliyekuzaa alishindwa nini kukufunza adabu?" Niliona nimesema vizuri sana. Yule mtu hakukata. Alisikiliza mpaka dakika yake ikaisha.

Wiki iliyofuata nilimwachia Florian simu nikaenda Butiama. Boke sikumficha, nilimwambia nimekuja kukamata mwizi. Akanipa kiti ndani ya duka, nyuma ya magunia ya chumvi, akasema kwa upole kwamba hapo kwake haibiwagi kitu.

Saa nne akaja mama mwenye kitenge cha kijani, miguu imejaa vumbi la njia ndefu. Alikuwa mama yangu, Wankyo, kutoka Buswahili.

Kwanza sikuelewa. Nilidhani amekuja kununua chumvi, nikajikunyata, maana nilikuwa sijakanyaga nyumbani mwaka na nusu na sikuwa na la kumwambia. Akatoa karatasi. Ilikuwa barua yangu ya mwisho kwake, mistari miwili: namba ya karakana, na kwamba apige akiwa na shida. Akabonyeza namba moja moja, akashika simu kwa mikono miwili. Alikuwa ameshatabasamu kabla haijapokelewa.

Halafu tabasamu likaondoka. Alisubiri mpaka ikakatika. Akapiga tena, akasikiliza tena.

"Vipi, mama?" Boke alimuuliza.

"Siyo yeye. Siku zote anapokeaga yeye."

Akafungua fundo la kitenge, akatoa sarafu, akapiga mara ya tatu. Hapa lazima niseme jambo ambalo mimi, mtoto wa huku, nilipaswa kuliuliza kabla sijashika koleo. Butiama, kila aliyedumbukiza sarafu kwenye kisanduku changu alikuwa anatangaza msiba. Kusema kulikuwa kwa ajili ya kifo. Ambaye watu wake hawajafiwa alisikiliza sauti ya mwenzake, akaridhika, akaenda zake. Kwa hiyo sarafu ilipogonga bati, wanawake waliokuwa barazani walitua vikapu. Mmoja aliketi chini na kunyoosha miguu, tayari kwa kilio.

"Naomba kuuliza," Mama alisema kwenye simu. "Bernado yuko wapi? Mimi ni mama yake. Nilikuwaga namsikia."

Nikatoka nyuma ya magunia. Boke, kwa nia njema kabisa, akaniuliza mbele ya wote: "Fundi, mwizi wako ndiye huyu mama?"

"Shikamoo, Mama," nikasema.

Alirudisha simu mahali pake. "Marahaba, baba. Kumbe uko mzima."

Yule aliyeketi chini alinyanyuka akajikung'uta. Hakuna aliyenitazama, na afadhali wangenitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikamvuta Mama kando. "Yale maneno, sikujua ni wewe."

"Najua hukujua. Mimi sikuwa na shida ya kukwambia, nilitaka kusikia tu. Tena nilikuwaga nafurahi. Mgonjwa hana nguvu ya kutukana vile. Nikifika nyumbani namwambia baba yako, mtoto mzima, leo ameita watu mbwa." Akafunga tena fundo la kitenge. "Lile la mama asiyefunza adabu ndilo nililifikiria njia nzima. Nikasema labda ni kweli."

Jumatatu nililiziba tundu. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Sasa sarafu inatangulia, na usipompata mtu wako imekwenda. Mzee Makongoro aliagiza vile ishirini. Aliponiuliza jina la mwizi nilimwambia mwizi hakuwepo, akasema haidhuru.

Siku hizi Jumamosi naenda Buswahili mwenyewe. Mama ananipa kiti, anaendelea kupepeta mtama. "Ongea, baba," ananiambia. "Lolote tu." Matusi ya kumpa mtu nisiyemwona yalikuwa yananijia yenyewe, dakika nzima bila kukwama. Kwake, baada ya salamu nimeishiwa maneno, na yeye bado anasikiliza.