Kilio cha Msiba Mwingine

Siku ya kuonyeshwa filamu kuhusu kanisa lao, fundi cherehani wa kwaya alikaa mstari wa mbele. Kwenye skrini tingatinga lilibomoa ukuta, kisha akajiona mwenyewe akilia kwa kwikwi. Damu ikamchemka. Siku ya bomoabomoa hakutoa hata chozi. Alisimama mbele ya tingatinga akiwatukana wazee wa kanisa waliouza kiwanja.

"Hapo nilikuwa namzika dada yangu!" alifoka.

"Mama, tulitafuta hisia tu," mwongozaji wa filamu akamnong'oneza. "Watazamaji watakuelewa."

"Wataelewa nini, na matusi yangu umeyakata?"

Akachomoa waya wa projekta. Waumini wakainuka mmoja mmoja, wakamfuata nje. Wazee walibaki wamekaa, macho chini.