Mwanamke Anayelia Mlangoni

Hofu inalisha watu, msiniambie hailishi. Ilimlisha Chuma. Tangu simu zianze kusambaza habari za wauaji wanaovamia nyumba, mtaa mzima ulitaka mageti, na fundi wa kuchomelea alikuwa yeye peke yake. Alichomelea asubuhi, akachomelea jioni, na vidonge vya presha vikabaki juu ya kabati vikila vumbi. Mkewe, fundi cherehani, alimsihi mpaka akachoka. Chuma alicheka tu. Presha, alisema, ni ugonjwa wa wenye nafasi ya kulala. Wa kuogopwa ni mtu mwenye panga.

Muuaji mwenyewe hakuna aliyemwona, ila kila mtu alikuwa na rafiki ambaye shemeji yake alimwona. Mbinu ya wauaji hao ilijulikana, maana Chuma ndiye aliyeieneza kwa sauti yake mwenyewe kwenye kundi la simu la mtaa: wanamtanguliza mwanamke, analia mlangoni, anaomba msaada, ukifungua tu umekwisha. Ukimsikia, zima taa, nyamaza. Watu walimshukuru sana. Mkewe aliusikia ujumbe ule, akaendelea kushona.

Basi jioni moja, jua halijazama sawasawa, Chuma alikuwa anakula, kijiko kikamponyoka. Mkewe alidhani ni utani, jamaa alipenda utani. Kisha akaona mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, maneno yanatoka yamevurugika. Alimlaza ubavu, akatoka mbio bila viatu mpaka kwa jirani wa ukuta mmoja, dereva wa teksi, ambaye gari lake lilikuwa pale pale uani.

Aligonga. Alilia, na kwa nini asilie? Alijitaja, akamtaja mumewe, akasema ni presha, akamwapia. Taa ya sebuleni ikazimika. Akaenda nyumba ya pili, nayo ikazima taa. Ya tatu, hivyo hivyo. Mageti yote yale kayachomelea mumewe, na yalikuwa imara kwelikweli.

Alipompata mwenye mkokoteni barabarani na kurudi naye, Chuma alikuwa bado anapumua. Walipofika hospitali alikuwa ameshakata roho. Daktari hakuzunguka: ni kiharusi, kimeletwa na presha, na wa namna hii huletewa kila wiki. Wa panga, alisema, mwaka huu hajaletewa hata mmoja.

Msibani hakuna aliyeitaka habari hiyo. Wengine walinong'ona sumu, wengine kijicho cha biashara. Presha waliiona ndogo mno kumwangusha mwanamume kama yule. Kabla hata matanga hayajaisha, wanaume walikuwa wameshakubaliana kuweka geti jingine mwanzo wa mtaa.

Dereva wa teksi alimjia mjane, macho chini.

“Shemeji, tulikusikia,” alisema. “Tulidhani ni wao.”

“Sauti yangu hamkuijua?”

“Tuliijua. Tukasema labda wamekukamata, wanakulazimisha ulie.”

Mjane alimtazama. Alitaka kumchukia, alikuwa na kila haki, lakini kila alipoufikiria ule mlango alimwona Chuma kwa ndani, kidole kwenye swichi.

“Hata mume wangu asingenifungulia,” alisema.

Dereva, aliyekuja kutafuta msamaha, akaona ameupata. Alishusha pumzi, akamshukuru, akaenda kuketi na wanaume wenzake.