Viti vya Nyuma ya Nguzo

Magari ya mashindano yalipita chini yetu kwa ngurumo iliyotikisa ubao tuliokalia, na mama alikuwa ameelekeza darubini upande mwingine kabisa. Alikuwa akitazama viti vinne nyuma ya nguzo ya chuma, kule chini kwenye kona ya kwanza.

Viti hivyo vilikuwa vyetu tangu mwaka niliozaliwa. Baba alivichagua akidhani kuwa karibu ndiko kuzuri, kosa ambalo watu wa Indianapolis, mji wa mashindano hayo, humcheka nalo mgeni. Ukikaa chini, gari ni rangi tu inayopita, ukipepesa jicho umelikosa. Sisi tulikuwa na nguzo juu ya hayo. Lakini mwenye tiketi ya mwaka huu ndiye wa kwanza kupewa viti vilevile mwakani, mradi arudishe fomu, na baba hakukosa kuirudisha hata mara moja.

Kaka yangu Duane aliondoka akiwa na miaka ishirini, baada ya baba kumwambia asikanyage tena nyumbani kwake. Kisha baba akafa, tukauza nyumba, tukahamia mji mwingine na namba ya simu ikabadilika. Kila Juni mama alinipa fomu. "Verlene, irudishe kama ilivyo. Vinne."

Mwaka wa sita tangu Duane aondoke nilichoka kukaa kando ya viti viwili vitupu. Chini ya fomu palikuwa na kisanduku cha wanaotaka kuhamishiwa pazuri zaidi. Nikakitia alama, nikaomba viwili, vya juu kabisa.

Tiketi zilipofika mama alisoma namba, akavuta kiti akaketi.

"Hizi si zetu."

"Ni bora zaidi, mama. Safari hii tutayaona mashindano."

"Na Duane akija, atatutafuta wapi?"

"Miaka sita hajaja."

Mama aliinuka. Aliosha kikombe kilichokuwa safi.

Siku ya mashindano alitaka kwanza tushuke tukamwambie mzee Hostetler tulipohamia. Huyo alikuwa mkulima wa mahindi, jirani yetu wa viti, ambaye tulimwona siku hiyo moja tu kwa mwaka. Nikasema watu wamejaa, tutamsalimia baadaye. Ukweli ni kwamba nilikuwa na furaha. Kwa mara ya kwanza maishani niliona gari likitoka mbali, likilikaribia jingine, likilipita. Nilisimama nikapiga kelele mpaka koo likakauka.

Mashindano yalipofika katikati mama alinigusa mkono.

"Kuna mtu amesimama kwenye nguzo."

Nilichukua darubini, nikaiweka machoni kwa kiasi cha kumridhisha. "Muuza bia huyo, mama," nikasema, nikageukia magari. Sikuwa nimeangalia. Mpaka leo sijui ningeona nini.

Bendera ya mwisho ilipopeperushwa tulishuka. Hostetler alikuwa akifunga kikapu chake cha kuku wa kukaanga, na kwenye viti vyetu walikuwepo watu tusiowajua.

"Ninyi mlipotelea wapi?" akasema. "Nilidhani mmeachana na mashindano. Duane alikuja, akasimama hapo kwenye nguzo, mizunguko ya magari kama thelathini hivi. Nikamwambia sijui mlipo. Nikampa paja la kuku."

"Hukumuuliza anaishi wapi?" nikasema.

"Nilikuja kulifikiria hilo ameshaondoka, mwanangu. Nisamehe."

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama alikuwa ameishika ile nguzo. "Amekonda?" aliuliza.

"Hapana. Kanenepa kidogo. Na lile paja alilila lote."

"Vizuri," mama akasema, akaiachia nguzo.

Juni ile niliomba turudishiwe viti vya zamani. Vilikuwa na wenyewe, nao walirudisha fomu yao kwa wakati. Hostetler naye hakuonekana tena mwaka uliofuata.

Kwa hiyo tumebaki kule juu, mahali wengine hungojea miaka mingi kupapata. Kila Mei, kabla injini hazijawashwa, mimi hushuka nikasimama kando ya nguzo mpaka bendera ya mwisho, nimevaa kofia ya baba ili Duane anitambue. Magari siyaoni. Mama hubaki peke yake na darubini, na kila ninapoinua macho, ameielekeza kwangu.